Mchaichai wa Bibi na Mkondo wa Nungwi

Nina chupa ya chai nyekundu, ile ya kutunza moto, kizibo chake kimelegea tangu zamani. Kwa miaka kadhaa sikupanda boti ya Pemba bila ya chupa hiyo kuwemo mkobani, imeviringishwa kipande cha kanga kuukuu isije ikachuruzikia nguo za sikukuu. Ndani mna mchaichai mtupu, bila ya majani ya chai, sukari kidogo. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa akiunusa tangu bandari ya Malindi mpaka Mkoani, na mara moja mama mmoja aliniuliza kikombe nauza kwa kiasi gani.

Mie mzaliwa wa Wete, na mtu wa Wete akisema anaogopa bahari huchekwa. Nilikuwa siogopi. Nilianza mwaka 2011, usiku wa kuamkia Septemba 10, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Sikuwemo. Nyumbani kwetu pia hakuna aliyekuwemo. Lakini kulikuwa na matanga nyumba hii na ile, na kwa wiki nzima kazi ya watu wazima ilikuwa kutoka kwenye msiba huu kuingia mwingine. Safari yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa kwenda kula sikukuu. Mpaka tunapita Mkokotoni nilikuwa mzima. Mnara wa taa wa Nungwi ulipobaki nyuma na boti kuanza kuinua pua kwenye mkondo, viganja vikatota jasho, moyo ukenda mbio, pumzi ikawa haishuki chini ya koo. Nikawa nahesabu majaketi ya kuokolea. Niliyahesabu mara nne na kila mara nikapata idadi nyingine.

Nilipofika nilimsimulia bibi, mama yake mama. Akanitazama, akanishika mkono kama anayepima nazi, akasema, "Huna maradhi, mwanangu. Una wasiwasi. Roho yako i juu, sharti ishushwe."

Neno lenyewe hilo lina yake. Wasiwasi tumelitoa kwenye Kiarabu, waswasa, na maana yake ya asili ni kunong'ona. Kila aliyepita chuoni analijua kutoka Suratu Nnas, pale tunapojikinga na shari ya mnong'onezi anayejificha. Kwa hivyo bibi akisema wasiwasi hazungumzii mishipa wala ubongo. Anazungumzia kitu kinachokunong'oneza, na kitu cha namna hiyo hukitoi kwa kidonge kimoja. Unakijia kwa pande zote: tumboni, puani, masikioni na kwa Mola. Ndiyo maana tiba yake ilikuwa na vipande vinne. Mchaichai usiku. Ubani magharibi. Kungumanga asubuhi ya safari. Na kombe.

Nianze na mchaichai, kwa sababu ndio niliouamini kuliko vyote.

Shina la bibi liko nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, na limestawi mpaka kuku wanatagia humo. Majani yake yana makali. Ukivuta vibaya unakatika kidole. Bibi huyakata kwa kisu cha kuparia samaki, huyakunja mara tatu, huyapiga fundo kama anayefunga pindo la kanga, kisha hulitumbukiza fundo hilo kwenye maji yanayochemka. Anafunika kwa kawa. Hatumii kifuniko cha sufuria, maana anasema bati linarudisha jasho ndani na dawa inachacha. Halafu anakaa. Hapo ndipo pana jambo, na mie nilichelewa kuliona. Anakaa juu ya kibao chake cha mbuzi, karibu nusu saa, na wewe unakaa naye, na hasemi mengi. Akisema, anasema habari za watu waliokufa zamani waliokuwa waoga kuliko wewe.

Nililala vizuri usiku ule. Nikarudi Unguja na fundo sita za majani makavu.

Sasa, kazi yangu ni ya hesabu. Nafunga vitabu vya mahesabu vya watu, na mtu wa hesabu akipata ahueni hutaka risiti. Siku moja nikakaa na simu nikaanza kutafuta kama kuna aliyewahi kuupima mchaichai. Yupo. Tena wa zamani. Brazil wanaunywa kwa sababu ile ile tunayounywa sisi, kutuliza na kuleta usingizi, na chai yao hiyo wanaiita abafado. Watafiti wa huko wakaifanyia kazi kwa awamu, wakianza na panya, na mwaka 1986 wakatoa matokeo ya watu. Watu 50 walipewa, mara mchaichai wa kweli, mara kinywaji kisicho na mchaichai, na si aliyetoa wala aliyekunywa aliyejua ni kipi. Usingizi ulikuwa sawasawa. Kisha wakachukua 18 miongoni mwao, wale wenye tabia ya wasiwasi hasa, wakawapa mtihani wa makusudi wa kuwatia presha. Waliokunywa mchaichai na wasiokunywa wakawa na wasiwasi ule ule.

Nilisoma mara mbili. Sitaki kusema uongo, niliudhika, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya ya ndugu yake. Nikaenda kutafuta cha kumtetea.

Nikapata viwili. Cha kwanza ni majaribio ya mafuta ya mchaichai kwa panya wadogo wa maabara, ambao kweli walionekana kutulia. Lakini dozi ilikuwa nusu gramu mpaka gramu moja kwa kila kilo ya mwili. Nikapiga hesabu. Mie nina kilo 62. Ili nifike kwa panya yule inabidi ninywe gramu 31 za mafuta matupu, na hiyo ni dozi ya chini. Nikafunga daftari.

Cha pili ndicho kilichonikaa. Mwaka 2015, Brazil hao hao walijaribu harufu. Wanaume 40, makundi manne. Wengine wakanusa matone matatu au sita ya mafuta ya mchaichai, wengine wakanusa harufu nyingine au maji tu, kisha wakapewa kazi ya kuwababaisha. Walionusa mchaichai walipungukiwa na wasiwasi. Utafiti ni mdogo, watu kumi kumi kila kundi, na nafuu yenyewe ni ya muda mfupi. Lakini niliposoma nilikumbuka mvuke unaotoka bibi anapofunua kawa. Siku zote uso wangu uko juu ya sufuria kabla mdomo haujagusa kikombe. Huenda miaka yote nilikuwa nikiinywa dawa kwa pua, na kikombe kikapewa sifa isiyokuwa yake.

Ya kungumanga ni hadithi ya aibu, lakini nitaisema kwa sababu kuna mtu itamfaa.

Kungumanga, nyie wa bara mnaweza kuwa mmeiona tu kwenye picha za mashamba ya viungo, na lile ganda lake jekundu kama wavu. Waongozaji watalii wetu wanapenda kuisimulia kwa kicheko, kwamba wanawake huila arusini ili wapate kuchangamka. Bibi kipimo chake ni kukwangua mara mbili, tatu, juu ya kikombe cha uji. Unga unaopatikana haujazi hata ukucha. Mwaka mmoja, kusi likiwa kali na redio ikitangaza upepo, nikaona kipimo cha bibi hakitoshi kwa bahari ile. Saa kumi na mbili asubuhi nikakwangua kungumanga moja, nzima, mpaka vidole vikaumia, nikaitia kwenye uji, nikanywa.

Tulipotia nanga Mkoani nilikuwa bado naringa. Safari ilikwenda salama. Ilinikamatia garini, kabla ya Chake. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukawa kama kipande cha gome. Macho mekundu. Moyo, ule ambao dawa ililetwa kuutuliza, ukawa unadunda mpaka nauona kwenye nguo. Kila mkeka niliouona barabarani, maana wanawake walikuwa wanaanika karafuu, nilihisi unapumua. Nikashika kiti cha mbele nikawa nasoma shahada. Nilikuwa na yakini nakufa. Kulipokucha bado kichwa kilikuwa kizito, na nilikuja kukaa sawa alasiri ya siku ya pili.

Bibi hakunipa pole. "Moja nzima? Hiyo ingetosha sufuria zima la halua!" Na mtu wa Wete akikupigia mfano wa halua anajua anachosema.

Baadaye nilielewa. Ndani ya kungumanga mna kemikali inayoitwa miristisini, na kokwa moja, gramu tano au zaidi, inatosha kumtia sumu mtu mzima. Haipandi hapo hapo. Inachukua saa tatu mpaka sita, na hapo ndipo watu wanapoponzwa, wanaona haijafanya kitu wanaongeza. Dalili zake ndizo hizo nilizozipata: mdomo mkavu, moyo mbio, kuona mambo, na hofu ya kufa. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Kicheki, alikula tatu mwaka 1829 kwa makusudi ya kujipima, akaona maruweruwe. Yeye angalau alikuwa anafanya utafiti. Mie nilikuwa naenda kula sikukuu.

Kukwangua kule kwa bibi mara mbili tatu hakudhuru. Kama kunatuliza, sijaona popote palipothibitishwa kwa binadamu. Nadhani kunanukisha uji.

Ubani. Hapa watu wengi mtashangaa, kwa sababu ubani una habari nzuri kidogo. Bibi huutia chetezoni baada ya magharibi, punje mbili tatu juu ya makaa, akazunguka nao chumba kwa chumba akisoma. Mwaka 2008 watafiti wa Israel na Marekani waliandika kwamba kemikali moja ya utomvu wa ubani, insensoli asetati, iliwatuliza panya wadogo na kuwaondolea uzito wa moyo, na wakaonesha mpaka mlango wake kwenye ubongo, ambao ni ule ule unaohusika na kuhisi joto kwenye ngozi. Nilifurahi siku ile nikampigia bibi simu usiku. Akaniuliza, "Kwani panya nao husali?"

Tena kuna pingamizi zaidi ya panya. Dawa ile ilichujwa ikasafishwa, wakati sisi tunachoma na kuvuta moshi, na moshi ni moshi. Mwenye pumu hana neema nao. Na ubani si mti mmoja. Kemikali ile imejaa zaidi kwenye ubani wa Ethiopia na Sudan, ambao ni mti mwingine na ule wa Somalia na Oman. Ukiingia Darajani ukataka ubani, muuzaji atakwambia huu mweupe, huu wa maka, huu wa bei nafuu. Hakuna atakayekwambia jina la mti.

Habbat sauda nitaipitia haraka, maana haikuwemo kwenye orodha ya bibi, ilikuwa ya shangazi. Hadithi yake kila mtu anaijua. Bangladesh waliwapa vijana wa kiume 48, wa miaka 14 mpaka 17, nusu gramu kila siku kwa wiki nne, na hali zao na wasiwasi wao vikaonekana kuwa bora kidogo. Vijana wale walikuwa wazima, kwa hivyo siwezi kusema inatibu mgonjwa. Na kwa vile inaweza kushusha sukari na presha, anayemeza dawa za maradhi hayo na amwambie daktari kabla hajaanza kulamba vijiko.

Kombe ndilo gumu kulisemea. Wasiolijua: mwalimu huandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji au kwa marashi ya mawaridi, yale maji ukayanywa. Nilikuwa nikipelekewa kwenye chupa iliyokuwa ya soda, maji ya rangi ya chungwa. Sasa zafarani yenyewe ina utafiti. Tehran, mwaka 2004, watu 30 wenye sonona walipewa, nusu yao zafarani miligramu 30 kwa siku na nusu imipramini, dawa ya hospitali, kwa wiki sita, na waliokula zafarani hawakuachwa nyuma. Nikashika hapo kwa nguvu. Kumbe kombe lina dawa ndani yake! Nikamuuliza mwalimu wetu zafarani anainunua wapi. Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Zafarani ya siku hizi nani anaiweza bei? Hiyo rangi ya chakula, dada yangu. Ya paketi."

Nilinyamaza. Naye akaona nimenyamaza, akaongeza taratibu, "Ulikuwa unakunywa rangi, au ulikuwa unakunywa maneno?"

Sikumjibu, na mpaka leo kombe silipeleki maabara. Wengine watasema ni upendeleo. Ni upendeleo.

Kitu ambacho sina upendeleo nacho ni chupa za unga zisizo na jina. Mwaka ule ule niliokunywa kungumanga nilinunua mjini, dukani kwa mtu, unga wa kahawia wa "kutuliza mishipa," kijiko kimoja usiku. Nililala saa kumi na nne. Niliamka mdomo wazi, nimepitwa na sala mbili na miadi moja ya kazi. Nikarudi kumuuliza mna nini, akasema mizizi saba. Mizizi gani? Saba. Katika nchi nyingi wakaguzi wamekamata dawa za asili zilizochanganywa na vidonge vya hospitali vilivyosagwa, mteja asijue. Sina ushahidi kwamba ule ulikuwa hivyo. Niliumwaga chooni. Mchaichai wa bibi angalau nimeuona shina lake na kuku wake.

Walio na mmea uliopimwa vizuri ni Wajerumani, na mmea wenyewe haumo kwetu. Ni lavenda. Mwaka 2010 walilinganisha kidonge cha mafuta yake, miligramu 80, na lorazepamu, dawa ya hospitali ya wasiwasi, ya nusu miligramu, kwa watu 77 kwa wiki sita, na wasiwasi ukashuka karibu sawa kwa wote. Karafuu tunazo, iliki tunazo, mdalasini tunao, tukakosa lavenda. Ndiyo kudura.

Mwisho nilikwenda kwenye kituo cha afya. Si kwa ajili ya boti. Nilikwenda kwa tumbo, na muuguzi aliyenipokea, Mpemba mwenzangu wa upande wa Micheweni, akanitoa maneno mpaka nikajikuta namsimulia bahari. Alinisikiliza vile bibi anavyosikiliza. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna utafiti niliousoma ulioniuliza: "Na ukiisahau chupa?"

Nikamwambia siku moja niliisahau, na nikarudi kutoka bandarini. Tiketi ikapotea.

Akaniambia basi mchaichai hauna neno, aunywe anayetaka, lakini chupa ndiyo iliyokuwa imekamata usukani. Kila nikivuka salama, sifa inakwenda kwa chupa, na mie nabaki mwoga yule yule. Akanipa kazi kwa vipande, njia ambayo kwa hofu ya namna hii imepimwa kuliko majani yote niliyoyataja hapa. Kwanza nikae bandarini nusu saa, nitazame watu wanapanda, nisiondoke mpaka moyo ushuke wenyewe. Nikafanya mara tatu. Kisha ngarawa ya kwenda Changuu, karibu tu, unaiona ng'ambo. Nilitapika, nikarudia wiki iliyofuata, sikutapika. Akanifundisha kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Kisha Pemba, na chupa iwemo mkobani lakini isifunguliwe.

Niliomba ruhusa ya kuinusa. Akakataa.

Siku ile kulikuwa na kaskazi nyepesi. Tulipouacha mnara wa Nungwi viganja vikatota kama kawaida. Nikaukumbatia mkoba. Ndani ya kanga nikahisi joto la chupa kwenye mapaja. Mtoto wa kiti cha mbele akanigeukia akawa ananitolea ulimi, nami nikamtolea wangu, tukaendelea hivyo kwa muda nisioujua, mama yake akatugombeza sote wawili. Nilipotazama tena dirishani maji yalikuwa ya kijani na Pemba inaonekana. Majaketi sikuyahesabu.

Nilifika kwa bibi baada ya adhuhuri. Nikaitoa chupa nikaiweka mezani, imejaa mpaka shingoni. Akakifungua kizibo, akanusa, akakunja uso.

"Imepoa hii."

Akatoka nayo nyuma ya jiko, akaimwaga yote kwenye shina la mchaichai, kuku akaruka nje akilalama. Kisha akainama na kisu chake, akaanza kukata mengine.